JE, ULIZALIWA MTU WA CHINI?

Kijana, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, ukimaliza mpe na mwenzako hapo kijiweni.

Nakuuliza swali moja. Ni nani aliyekwambia kwamba wewe ni mtu wa hali ya chini? Maana hukuzaliwa ukijua. Mtoto wa miaka mitatu hajui kama baba yake ni kigogo au ni kabwela. Akiona mtoto mwenzie ana mpira anamfuata tu wacheze. Lakini ipo siku alifundishwa. Labda ni siku ile mama yake alipomvuta mkono pale getini akamwambia, "Usiguse, si vya kwetu." Labda ni siku mlinzi alipomfukuza. Kuanzia hapo akaanza kujipima, na alijipima kwa kipimo cha watu wengine.

Ukiuliza kwa nini huyu ana nyumba tano na yule hana hata godoro, watu wanakupa majibu mawili rahisi. Mmoja anakwambia maskini ni mvivu. Mtu huyo hajawahi kwenda sokoni saa kumi ya usiku akawaona wabeba magunia, wala hajamwona mama lishe anayewasha moto jogoo hajawika. Mwingine anakwambia, "Ndivyo Mungu alivyopanga." Huyu ni mbaya zaidi, kwa sababu anamsingizia Mungu kitu chenye tarehe na sahihi za watu.

Hebu tuitazame Dar es Salaam. Wakati wa Mjerumani, na baadaye wakati wa Mwingereza aliyeshika nchi baada ya ile vita ya 1914 hadi 1918, mji uligawanywa kwenye ramani. Mzungu akapewa upande wa bahari penye upepo, na baadaye akajengewa Oysterbay. Mhindi akawa katikati penye maduka, pakaitwa Uhindini, halafu na Upanga. Mwafrika akapelekwa Kariakoo, mahali ambapo wakati wa vita palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, na jina limetoka hapo hapo. Katikati pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili hawa wasigusane na wale. Hakuna malaika aliyeshuka na ramani ile. Ilichorwa ofisini na watu wenye kalamu na rula.

Mwaka 1961 tukapata uhuru. Rangi ikaondoka kwenye sheria, lakini ramani haikuhama. Alipotoka Mzungu kwenye ile nyumba ya ufukweni aliingia mkubwa mpya, na wananchi hawakuchelewa kumpa jina: Mbenzi. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Ndiyo maana Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye makampuni na kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti yale yakalegezwa. Wazee wanasema zamani mkubwa alikuwa anaificha mali yake, siku hizi anaionyesha. Sidhani kama wanasema uongo.

Sasa ngoja nikurudishe nyuma zaidi. Unalijua neno muungwana? Leo ukimwita mtu muungwana unamsifia tabia. Lakini zamani huku pwani lilikuwa neno la kuzaliwa. Muungwana ni mtu huru, mtwana ni mtumwa, basi! Tabia haikuulizwa. Muungwana angeweza kuwa mlevi na mwongo, akabaki muungwana. Mtumwa alijulikana hata kwa mavazi. Kofia na viatu havikuwa vyake mbele ya bwana wake, na mwanamke alivaa merikani tupu, kichwa wazi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Na unajua wengi wa wale waliokuwa watumwa walianza na nini? Walianza na nguo. Wanawake wakanunua kanga za rangi, baadaye na buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Kuna watu waliwacheka, eti wanajifanya. Mimi siwacheki. Mtu aliyekatazwa kufunika kichwa anajua kitambaa kina maana gani.

Katika watu hao alitoka Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, wa ukoo wa watumwa. Alikuwa anauza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa sahani za santuri, na sauti yake ikasikika pwani yote. Wapo waliomwimbia nyimbo za kumkumbusha alikotoka. Aliwajibu kwa wimbo.

Turudi kwako. Siku hizi hakuna anayeulizwa kama ni mtwana. Siku hizi unaulizwa, "Ulisoma wapi?" Hapo ndipo mlango ulipo, na wengi hawauoni. Ada ya shule ya msingi ilifutwa Tanzania mwaka 2001, na ya sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2016. Ni jambo jema, tena sana. Lakini angalia asubuhi barabarani. Mtoto mmoja anachukuliwa na basi la njano nyumbani kwao, anakwenda shule ya "English medium", shule ambazo zilianza kuota kama uyoga miaka ile ya 1990. Mwenzake wa shule ya Kayumba yuko kituoni tangu alfajiri, konda wa daladala anamzuia mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo. Anafika shule amechelewa, anachapwa kwa kuchelewa.

Tuseme amevumilia yote hayo. Amesoma tangu darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, amefaulu. Anaingia kidato cha kwanza, ghafla hesabu ni Kiingereza, historia ni Kiingereza, hata kilimo alichokifanya na bibi yake tangu utotoni sasa ni Kiingereza! Anakaa kimya. Mwalimu anadhani ni mjinga. Yeye mwenyewe naye anaanza kuamini kuwa ni mjinga. Yule wa basi la njano ananyoosha mkono, anajibu, anapigiwa makofi. Miaka minne baadaye matokeo yanabandikwa ukutani na watu wanasema, "Unaona? Huyu ana akili, yule hana." Hapana! Walikuwa wanapima lugha. Na lugha ile ilinunuliwa.

Ubaya ni kwamba jambo hili halibaki nje, linaingia ndani ya mtu. Mtazame mtu wa hali ya chini akiingia benki: ananong'ona kama yuko msibani. Hospitalini hathubutu kumuuliza daktari, "Dawa hii ni ya nini?" Anaona atamsumbua mkubwa. Anarudi nyumbani na dawa asizozielewa, anakunywa mbili mahali pa moja. Watu wanakufa kwa aibu, ndugu yangu. Mwenye nacho anauliza mara tatu, na anajibiwa mara tatu.

Hata nyumba za ibada hazikupona. Tajiri akifika amechelewa, mtu anainuliwa ili yeye apate kiti. Yakobo aliwaandikia watu kuhusu jambo hilo hilo, ukitaka utalikuta katika sura ya pili ya waraka wake, naye hakuwabembeleza. Sasa ni karne ngapi, na viti vya mbele bado vinapangwa vile vile.

Lakini na wewe kabwela mwenzangu, usishangilie. Huna uliyemweka chini yako? Nenda Uswahilini, kwenye nyumba ya vyumba viwili, mwenyewe analia maisha magumu. Humo ndani kuna binti ameletwa kutoka kijijini. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, anakula jikoni. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani anayekaa kwa mwajiri, shilingi 40,000 kwa mwezi, na bado wapo waliolipwa chini ya hapo. Watoto wa nyumba hiyo, wanafunzi wa Kayumba, wale wale wanaozuiwa na konda, wamekaa kwenye mkeka wanamwagiza maji ya kunywa: "We hausigeli!" Ana miaka kumi na saba. Ana jina, na ana jina la baba yake.

Wa kwenu anaitwa nani?