Ajali Isiyo na Maiti Ni Dhambi?

Masomo ya kusoma nyumbani: Mathayo 5:21-28, Luka 10:25-37



Juma hili naomba tuweke kando kidogo mfululizo wetu wa maombi, kwa sababu kuna swali limekwama kwenye ukumbi wa vijana na sasa limefika mpaka baraza la wazee. Kijana wetu mmoja ameleta PlayStation 5 pamoja na miwani yake, ile mikubwa ya kufunika macho kabisa, ili vijana washindane kwa magari kila Jumamosi baada ya maombi. Wazee wengine wanataka hiyo kitu itolewe kanisani. Vijana wanasema ni mchezo tu. Mzee mmoja aliposikia kwamba teknolojia hiyo kwa Kiswahili inaitwa uhalisia pepe, yeye alisikia "pepo", na nusura tuanze kukemea.

Lakini tusimcheke sana, maana neno lenyewe lina kazi. Pepe kwa mkulima wa mpunga ni punje tupu, ganda ambalo ndani hamna mchele. Unaipeta kwa ungo inapeperuka. Basi swali letu ndilo hilo: kinachofanyika ndani ya ile miwani ni ganda tupu, ama kuna mchele ndani?

Kwa ambao hawajaiona, mchezo wenyewe unaitwa Gran Turismo 7. Umetengenezwa na kampuni ya Kijapani inayoongozwa na Kazunori Yamauchi, aliyetoa Gran Turismo ya kwanza mwaka wa 1997. Hii ya saba ilitoka Machi 2022, na Februari 2023 ikawezeshwa kuchezwa kwa miwani ya PlayStation VR2. Ukiivaa, ukumbi unapotea. Huoni viti vya plastiki, huoni spika, huoni mtu. Unaona usukani na dashibodi, na ukigeuza shingo unaona gari linalotaka kukupita. Padi ina kihisi cha mwendo ndani yake, kwa hivyo ukitaka unaiinamisha hewani kama usukani badala ya kubonyeza vitufe. Ukifunga breki, kitufe kinagoma chini ya kidole chako kama pedali ya gari.

Mimi niliijaribu. Kona ya tatu tumbo likaanza kuzunguka. Jambo hilo lina sababu yake: macho yanauambia ubongo kwamba tunakimbia, na sikio la ndani, ambalo kazi yake ni kupima mwendo, linasema tumeketi hapa hapa. Ubongo unashindwa kujua nani anasema kweli. Hapo ndipo nilianza kuona kwamba hilo jibu la "ni mchezo tu" halitoshi. Sijawahi kuona mtu akitapika kwa sababu ya drafti.

Sasa, kijana mmoja aliniuliza, tena kwa unyoofu kabisa: "Pasi, nikimsukuma mtu nje ya barabara kwa gemu ndio nishinde, nimetenda dhambi?"

Mzee mmoja aliyekuwa karibu alijibu kabla yangu, akampeleka Mathayo 5. Yesu, alisema, aliifuata dhambi kutoka mkononi mpaka moyoni, kwa hivyo anayeua kwa gemu ameshaua moyoni. Jibu hilo lina uzito na namheshimu mzee wangu. Ila nafikiri limeruka kitu. Tusome tena taratibu. Hasira ambayo Yesu anaizungumzia pale ina mwenyewe: ni ndugu yako, na ndiyo maana unaambiwa uache sadaka madhabahuni ukapatane naye kwanza. Tamaa anayoitaja ni juu ya mwanamke fulani aliye hai. Moyo unashtakiwa kwa kile unachomfanyia mtu wa kweli kabla hata mkono haujasogea. Gari linaloendeshwa na kompyuta halina ndugu ndani yake. Huwezi kuacha sadaka ukaenda kupatana nalo. Tukisema kuligonga ni kuua, tutakuwa tumeifanya dhambi kuwa kitu cha kuchekesha, na vijana wetu wana akili, wataona.

Kwa hivyo nilimjibu kijana kwa swali: huyo uliyemsukuma, ni nani alikuwa anaendesha?

Maana mchezo huu huchezwa pia kupitia intaneti, na hapo mambo yanabadilika. Gari lililo mbele yako linaweza kuwa na baba wa watoto watatu huko Brazil, ametoka kazini, hii ndiyo nusu saa yake ya kupumzika. Ukimsukuma kwa kusudi kwenye kona ya mwisho umempokonya kitu. Ni kidogo, lakini ni chake. Rangi na vioo ni vya kuchora, yeye hajachorwa. Hapo punje ina mchele.

Na cha kushangaza, waliotengeneza mchezo huu walilijua hilo. Mbali na alama ya ujuzi wa kuendesha, kila anayeshindana kwa intaneti hupewa alama ya adabu, kwa herufi, kuanzia E huko chini mpaka S juu kabisa. Ukigonga wenzako alama inashuka, na mfumo hujaribu kukupanga na watu wa kiwango chako, wagongaji na wagongaji wenzao. Nilisoma biashara chuoni, na kitu kimoja utakachosikia katika kila somo la usimamizi ni kwamba watu hufuata kile kinachopimwa. Pima mauzo, utapata mauzo. Pima adabu, utapata adabu, ama angalau kitu kinachofanana nayo. Lakini wachezaji wenyewe hulalamika kwamba wakati mwingine aliyegongwa naye hupunguziwa alama. Mashine huona bati limegusana na bati. Haijui nani alikusudia na nani alichelewa kufunga breki. Hiyo ndiyo shida ya sheria yoyote isiyoweza kufika moyoni, na Paulo alishughulika nayo barua nzima kwa Wagalatia.

Ningekuwa na hayo tu, makala hii ingeishia hapo. Lakini kuna mama mmoja katika ushirika wetu ambaye ameniruhusu niandike haya bila kumtaja. Ni mjane. Mume wake aligongwa na gari akivuka barabara, miaka kadhaa iliyopita, na aliyemgonga hakusimama. Kijana wake ni mmoja wa hao wanaocheza Jumamosi. Siku moja alikuja kumchukua, akamkuta katikati ya ukumbi amevaa ile miwani, mikono hewani. Gari lake likatoka barabarani na kugonga ukuta, na kijana akacheka, kile kicheko cha kutoka tumboni, na wenzake wakacheka naye. Mama alisimama mlangoni. Kijana hakumwona, asingeweza kumwona. Baadaye aliniuliza maneno matatu tu: "Pasta, anacheka nini?"

Nimekaa na swali hilo siku nyingi kuliko nilivyokaa na la kijana.

Nafikiri anacheka kwa sababu hakuna aliyekufa. Watoto wamekuwa wakicheza mambo mazito tangu zamani. Wanazika panzi kwa wimbo na mahubiri, wanafanya mmoja awe mgonjwa na mwingine daktari. Hawadharau kifo, wanakizunguka polepole ili wakizoee. Na kwa kijana ambaye baba yake hakuinuka barabarani, huenda hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo gari linagonga kwa kishindo na kila mtu anaamka mzima. Siwezi kumnyang'anya hilo kwa haraka eti kwa sababu limenitisha mimi mtu mzima. Mama aliposikia hivyo alilia, akasema hakuwa amefikiri upande huo.

Lakini upo upande mwingine, na nilimwambia pia.

Katika biashara ya bima kuna tatizo linalojulikana sana. Mtu akishajua kwamba hasara italipwa na mwingine, uangalifu wake hupungua. Gari la bima ndogo analifunga kila mlango, la bima kubwa analiegesha popote. Wala si mtu mbaya. Ni kwamba bei ya kosa imehamishwa mfukoni mwake. Sasa fikiria kile kitufe cha "anza upya". Ukigonga ukuta ukiwa na kasi ya kilomita 200 kwa saa, gari linapata mikwaruzo na safari inaendelea, au unabonyeza na asubuhi ni mpya. Ni bima isiyo na malipo ya mwezi. Kwa kujifunza ni baraka, marubani hufunzwa kwa mashine za kuigiza kwa sababu hiyo hiyo, wakosee mahali ambapo kosa halizikwi. Ila kuna kitu mashine hiyo haifundishi hata ukicheza miaka kumi: kwamba bei ya kosa la barabarani mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakuwa hata kwenye gari.

Ushahidi wake upo, na unatoka kwenye mchezo huu huu. Jann Mardenborough, kijana aliyekulia Cardiff huko Wales, alikuwa mchezaji wa Gran Turismo nyumbani kwao. Mwaka wa 2011 alishinda shindano la kuwageuza wachezaji kuwa madereva wa kweli, na mwaka wa 2013 alikuwa wa tatu katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Ujuzi ulihama kutoka sebuleni mpaka barabarani, hilo halina ubishi. Halafu Machi 2015, kwenye Nürburgring huko Ujerumani, gari lake liliinuka pua kwenye mwinuko unaoitwa Flugplatz, likapaa, likavuka uzio. Mtazamaji mmoja alikufa. Mardenborough aliendesha barabara iliyo na ule mwinuko mara nyingi, kama vijana wetu wanavyouendesha Jumamosi, maana Nürburgring imo kwenye mchezo huu. Simlaumu, ajali ni ajali. Lakini siku hiyo hapakuwa na kitufe.

Filamu ya maisha yake ilitoka 2023, na vijana wengi wameiona. Katika filamu hiyo ajali imesogezwa nyuma, ikawekwa kabla ya Le Mans, ili ushindi uje baadaye na kumfuta machozi dereva. Watu walilalamika, na mimi niko upande wao. Kifo cha mtu kilichotokea 2015 kimefanywa ngazi ya kupandia jukwaa la 2013. Yule mtazamaji alikuwa na watu wake. Kumpanga upya ili hadithi iwe tamu ni kubonyeza "anza upya" juu ya maiti ya mtu, na hilo, tofauti na kugonga ukuta wa kompyuta, naliita kosa bila kusitasita.

Hapa kwetu zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Yaani watu kama yule baba. Kila msimu wa Safari Rally utaona vijana wamejaza magari kuelekea Naivasha, wakiendesha kana kwamba barabara imefungwa kwa ajili yao. Sisemi gemu ndiyo imewafanya hivyo. Wengi wao hawajawahi kuvaa miwani hiyo. Inagharimu, ilizinduliwa kwa dola 549.99 kabla hujaongeza ushuru, na hapo hujanunua PlayStation yenyewe. Nasema ugonjwa ni mmoja: kuendesha kana kwamba walio nje ya kioo wamechorwa.

Kuhani na Mlawi katika Luka 10 hawakumpiga yule mtu. Walimwona wakapita upande wa pili. Mimi huwaza kwamba kwao alikuwa ameshageuka kuwa sehemu ya mandhari.

Kwa hiyo baraza liliponiuliza msimamo wangu sikusema itolewe. Nilitaja jambo moja dogo kuhusu miwani hiyo ambalo limenifikirisha kuliko mengine. Karibu kila mbio za Gran Turismo 7 unaweza kuzikimbia ukiwa umeivaa, isipokuwa ule mtindo wa zamani wa kugawa skrini mara mbili, wewe na ndugu yako mkiwa kwenye kochi moja, bega kwa bega. Huo hauwezekani. Macho yakishafunikwa, aliye karibu nawe ndiye anayeondolewa kwanza. Hata mama aliyesimama mlangoni.

Basi tumekubaliana hivi. Itabaki. Walio chini ya miaka 12 hawataivaa, na hiyo si sheria yangu, watengenezaji wenyewe wamesema. Kila anayevaa atakuwa na mwenzake kwenye kiti cha kando, anayeona kwenye televisheni kile anachokiona, na baada ya mbio tatu wanabadilishana. Anayecheza kwa intaneti ataonyesha ile herufi yake ya adabu kwa kiongozi wa vijana mwisho wa mwezi. (Wawili tayari wamenung'unika. Nafikiri ni E.) Na mwezi ujao, kabla ya mashindano, yule mama amekubali kuwasimulia vijana kuhusu mume wake: alikuwa nani, alifanya kazi gani, alipenda kula nini. Atasimulia na kijana wake akiwa ameketi kando yake.

Ameomba kitu kimoja, kwamba akimaliza naye apewe miwani ajaribu. Kijana amesema atamkalia kwenye kiti cha kando. Nimemshauri mama asile chapati kwanza.