Dakika Zilizokatwa

Mara ya kwanza kuitazama Kingdom of Heaven nilikuwa kidato cha pili, katika kibanda umiza kimoja cha Morogoro, nimebanwa kwenye benchi lisilo na egemeo. Tulipofika pale malkia Sibylla anapojikata nywele, huku Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Salahuddin, kibanda kizima kiliangua kicheko. "Huyo kashachanganyikiwa," alisema jamaa mmoja nyuma yangu. Nami nikaafiki. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa mwanamke mwenye majivuno na mapenzi. Sasa alikuwa amevunjika, na hapakuwa na chochote katikati cha kueleza kuvunjika huko. Nikamhukumu palepale: mwanamke dhaifu.

Mwaka jana, nikiwa nimeanza shahada ya uzamili, niliitazama tena kwenye kompyuta, safari hii toleo la mwongozaji. Lile lililoonyeshwa katika majumba ya sinema mwaka 2005 lina dakika 144. Toleo alilolitaka Ridley Scott mwenyewe linazidi saa tatu. Nilidhani nyongeza itakuwa mapanga na farasi. Kumbe kilichokuwa kimekatwa ni mtoto.

Sibylla alikuwa na mwana. Kaka yake, mfalme Baldwin wa Nne, anapofariki kwa ukoma, mtoto yule anatawazwa. Siku moja anatia muhuri kwenye barua, nta ya moto inamdondokea mkononi, naye hashtuki. Mama anaona. Anajua maana ya mkono usiohisi moto, kwa sababu ameshamtazama kaka yake akiisha nyuma ya kinyago. Anamweka mwanawe karibu naye, anambembeleza, kisha anamtilia sumu sikioni. Nywele anazikata baada ya hapo.

Safari hii sikucheka. Niliifunga kompyuta nikakaa gizani kidogo.

Kinachonisumbua ni kwamba lile toleo fupi halikunidanganya. Kila picha niliyoiona kibandani imo pia katika toleo refu: nywele zilezile, mkasi uleule. Hakuna aliyeniambia kuwa Sibylla ni dhaifu. Mtu aliondoa kipande, akaziunganisha ncha mbili, mengine nikayajaza mwenyewe. Na anayekata anajua kwamba mtazamaji hulijaza pengo. Hiyo ndiyo kazi yake.

Je, huo ni uongo? Katika insha yake ya 1797, Kant alishikilia kwamba kudanganya hakufai hata mbele ya muuaji anayemtafuta rafiki yako. Lakini huyohuyo Kant alitofautisha kudanganya na kunyamaza: si lazima mtu aseme yote anayoyajua. Darasani tofauti hiyo ilinitosha. Baada ya filamu hii imeanza kunipwaya, maana kuna ukimya unaojua vizuri utazaa nini.

Nilitaka basi kuamini kwamba toleo refu ndilo la kweli. Nikaenda kusoma historia. Baldwin wa Tano alikuwepo. Alifariki mwaka 1186 akiwa bado mtoto. Lakini hakuna ushahidi kwamba mama yake alimuua. Kisa cha sumu ni cha watunzi wa filamu. Yaani kile kipande kilichonifanya nimwelewe Sibylla wa kwenye filamu kinamsingizia Sibylla aliyeishi. Urefu nao hauna dhamana.

Nayasema haya yote kwa sababu ya shangazi yangu.

Kwetu shangazi ana toleo moja, tena fupi sana: ni yule ambaye hakuja kumzika baba yake. Nimelisikia tangu nikiwa mdogo, kwenye harusi, kwenye misiba, jikoni. Kila neno lake ni kweli. Babu alizikwa, yeye hakuwepo. Tuliobaki tukajaza: ana kiburi, pesa zimembadilisha, hana utu.

Mwezi wa nane nilipanda basi hadi Tanga kumwona. Nilimwamkia, akanipokea begi, akaniuliza habari za masomo. Usiku, tukichambua mchele, nikamuuliza kuhusu mazishi. Alinyamaza mpaka nikajuta. Kisha akanieleza yote, kwa sauti ya chini, bila kulia. Alipomaliza akasema, "Sasa hilo libaki hapa, mwanangu. Bora wanione mimi mbaya."

Sitalieleza. Linamgusa mtu mwingine ambaye bado yuko hai, na ambaye ukoo mzima unampenda. Hivyo hata insha hii ni toleo fupi, na mkasi safari hii ninao mimi. Naweza kumsafisha shangazi kwa sentensi mbili tu. Nikifanya hivyo nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichokichagua mwenyewe katika jambo lile lote.

Kwa hiyo sioni tena kwamba swali ni toleo lipi refu zaidi. Naona ni nani ameshika mkasi, na nani anabeba gharama. Waliomkata mtoto wa Sibylla walitaka filamu nyepesi, na gharama ikamwangukia Sibylla. Shangazi alijikata mwenyewe ili mwingine asiumie, na gharama anailipa yeye, mwaka wa kumi na nne sasa. Kitendo ni kilekile cha kuondoa kipande, lakini siwezi kuviita kwa jina moja.

Desemba tulikutana nyumbani, na stori ya mazishi ikaanza tena, kama kawaida. Sikumtetea shangazi, kwa kuwa niliahidi. Ila walipofika pale watu wanapochekaga, sikucheka. Mama aliniangalia akauliza, "Una nini wewe?" Nikasema sina kitu, nikaendelea kumenya viazi.