Chembe Chini ya Tabaka

Fundi wa kupuliza rangi ya magari hapa Mwembe Tayari humwagia sakafu maji kabla ya kuwasha mashine. Anaogopa vumbi. Punje ikinaswa kwenye koti la kwanza, koti la pili haliifichi. Hulifuata umbo lake, mpaka bodi ikikauka unakigusa kinundu kwa kiganja.

Hofu hiyohiyo wanayo wanasayansi wa leza huko Livermore, California. Tarehe 5 Desemba 2022, miali yao 192 ilimulika shabaha yenye kidonge cha haidrojeni, na megajuli 2.05 zilizofika pale zikazaa 3.15. Miali mikali namna hiyo huongozwa na vioo vilivyopakwa matabaka mengi ya hafnia na silika, kila moja jembamba kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Chembe ikitua wakati wa kupaka, matabaka yanayofuata huipanda na kufanya nundu. Nundu yenyewe ni mali safi, inang'aa kama kioo kingine chote. Ila umbo lake huukusanya mwanga mahali pamoja. Leza ikiwa hafifu, hakuna neno. Ikija kwa nguvu zake, nundu hung'oka, pakabaki shimo ambalo kila pigo laweza kulitanua.

Basi chembe haikivunji kioo peke yake. Inasaidiwa na yale mazuri tuliyoyapaka juu yake. Katika Zaburi ya 19 Daudi anaomba atakaswe makosa yaliyofichika hata kwake mwenyewe, naye alikuwa mfalme, mtu wa matabaka mengi.

Wanasayansi hao hawakipi kioo kipya mwanga mkali siku ya kwanza. Hukimulika kwa leza hafifu, wakaongeza kidogo kidogo. Nundu dhaifu hung'oka mapema, zikaacha vishimo visivyotanuka, na kioo chenye makovu hayo hustahimili kuliko kilipokuwa kipya.

Sisi kanisani hufanya kinyume. Kijana akiimba vizuri miezi miwili, tunamkabidhi kipaza sauti, funguo na sanduku la sadaka; akianguka, tunamsingizia shetani. Paulo alimwagiza Timotheo mashemasi wapimwe kwanza.

Jumapili hii tunachagua mweka hazina. Atakayepita aanze na mfuko wa chai wa jumuiya, shilingi mia mbili, mia tatu, na daftari lisomwe mbele ya watu kila Jumatano. Akikosea hesabu, tumsahihishe hukohuko, kisha aendelee na kazi.