Mdhamini Asiyejua

Fundi cherehani mmoja wa Tandale, Dar es Salaam, alipungukiwa shilingi 70,000 za kodi ya fremu. Zamani angekwenda kwenye kikoba chake, atafute wadhamini wawili, asikilize na maneno ya mwenyekiti, wiki ingekatika. Safari hii alifungua simu. Programu ikaomba ruhusa ya kuona majina yote aliyohifadhi, naye akabonyeza "Ruhusu" bila kusoma, kama tufanyavyo wengi. Muda si mrefu pesa ikaingia.

Tupige hesabu. Mkopo uliandikwa laki moja, lakini mkononi zilifika 70,000. Zilizobaki zilikatwa juu kwa juu, eti ada ya huduma. Laki nzima ilitakiwa irudi baada ya siku saba. Hiyo ni gharama ya karibu asilimia 43 kwa wiki. Mtu akikutajia bei hiyo uso kwa uso, unaaga na kuondoka. Kwenye simu ilikuwa mstari mmoja wa maandishi madogo.

Siku ya nane meseji zikaanza kuruka: kwa shemeji yake, kwa katekista, kwa mama aliyeagiza sare za watoto watatu. Zilibeba picha yake na maneno haya: "Huyu ni tapeli. Amekuandika wewe mdhamini. Mwambie alipe." Jioni ile mama wa sare alikuja kuchukua vitambaa vyake, hata vilivyokwisha kukatwa. Wengine wakafuata. Deni alikuja kulilipa, wateja hawakurudi.

Wapo wanaosema kosa lake ni tamaa. Sikubaliani nao, kodi ya fremu si anasa. Kwenye kikoba, mdhamini hukubali mbele ya watu, na kwa kuwa anajua mzigo utamwangukia, humkanya mkopaji mapema asikope kupita uwezo. Mkopo wa simu umemwondoa mtu huyo wa kukanya, ukabakiza aibu yake tu. Shemeji alijua kuwa ni mdhamini siku ya matusi.

Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, ilitoa kanuni mwaka 2022 za kuwataka wakopeshaji wa namna hii wawe na leseni na kuwakataza kuwadhalilisha wadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa, tazama kwanza kama anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu.

Na meseji za matusi usizifute kwa hasira, ni ushahidi. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata shemeji anaweza kulalamika, maana namba yake ilichukuliwa bila yeye kuulizwa.