Je, Ni Aibu Tabibu Kuuliza?

Mama wa Katonga atokaye ufuoni na mtoto mwenye homa kali huenda hospitali Kigoma akitumaini kwamba tabibu ajua. Basi akimwona tabibu wa watoto ameshika simu, anasoma katika intaneti kabla ya kuagiza dawa, moyo wake huingiwa na shaka. Twauliza: je, tabibu huyo amepungukiwa, au atimiza wajibu wake?

Yafaa tutazame jambo lililotendeka katika nchi zetu wenyewe. Kwa miaka mingi matabibu walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vema, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Kisha mafundisho hayo yakajaribiwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141, na habari zake zikatangazwa mwaka 2011. Katika waliotiwa maji kwa haraka, kadiri ya 10 na nusu katika kila 100 walikufa kabla ya saa 48 kupita. Katika wasiotiwa hivyo walikufa 7 na kidogo. Kumbe desturi iliyoaminiwa iliwadhuru watoto.

Waliotenda hivyo zamani hawakuwa wabaya, kwani walifuata walivyofundishwa. Lakini neno likiisha kutangazwa, kutojua ni jambo moja, na kukataa kuuliza ni jambo jingine. Tena tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wachapaji wa majarida, limefungua njia iitwayo Hinari, ili hospitali na vyuo vya nchi maskini visome bure au kwa bei ndogo. Hivyo udhuru umepungua.

Walakini kuuliza nako kuna sharti lake. Majaribio yale hayakuhusu watoto waliopungukiwa maji kwa kuhara. Tabibu asomaye kichwa cha habari tu, kisha akamnyima maji mtoto mwenye kipindupindu, aweza kumwua kwa elimu nusu. Intaneti haikuyaona macho yaliyodidimia, wala haikumsikiliza mama. Kwa hiyo imempasa tabibu amtazame mtoto kwanza, kisha asome habari yote, kisha apime kama watoto waliojaribiwa wafanana na huyu aliye mbele yake.

Na mama je? Twaona asifichwe. Aambiwe kwa maneno mepesi ni nini kinachotafutwa, na kwa sababu gani. Ajifanyaye kujua yote hulinda heshima yake mwenyewe. Aulizaye humlinda mtoto. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Tukimdharau tabibu kwa kuwa ameuliza, twawafundisha matabibu kuficha wasiyoyajua, na atakayelipa deni la kiburi hicho si sisi wala wao, bali mtoto.