Adui Asiye na Chuki

Katika mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1985, adui wa kwanza kumkabili mchezaji ni Goomba, kiumbe mfupi asiye na mikono. Hana silaha wala hila. Huja tu mbele kwa miguu. Mario akimrukia na kumkanyaga, hulala bapa, kisha hutoweka. Kitabu cha maelezo cha mchezo huo chasema kwamba akina Goomba ni uyoga walioisaliti nchi yao.

Huko Muleba, kusini mwa Bukoba, mkulima naye anaye adui mdogo atambaaye: fukuzi wa migomba. Mdudu huyu hutaga mayai chini ya shina. Mabuu yake hutoboa tunguu, na mgomba ulioliwa huangushwa na upepo, pengine pamoja na mkungu wake. Basi mkulima hupasua kipande cha mgomba, hukilaza shambani kiwe mtego, na asubuhi huwaokota fukuzi na kuwaua. Wala hamwiti fukuzi msaliti. Mdudu anakula, mwenye shamba naye ana watoto wa kulisha. Sababu hiyo yamtosha.

Goomba hali mgomba wa mtu. Dhara lake lote ni kumgusa apitaye njia ileile. Mtoto wa Bukoba achezaye mchezo huo, hata kama hakukiona kitabu kile, humkanyaga vivyo hivyo; kwake yatosha kwamba Goomba anakuja. Huenda usaliti ule haukutungwa kwa ajili ya mtoto, bali kwa ajili ya mtu mzima ambaye angeuliza.