Wasafiri Wawili na Neno Walilolikwepa

Septemba 1857 msafara uliotokea pwani ya Kaole, jirani na Bagamoyo, ulipanda milima ya Rubeho na kutokezea juu, kwenye nchi kavu inayoelekea Ugogo. Wakubwa wake wawili, maofisa wa jeshi la Waingereza kule India, walipandishwa mlima kwa kushikiliwa na watu wao. Richard Burton, mwenye miaka 36, alipumzika kila baada ya hatua chache. John Hanning Speke, mwenye miaka 30, alikwenda kama mtu anayetembea usingizini, na katika siku hizo hizo homa ilimpanda kichwani hadi ikabidi aondolewe silaha.

Mbele yao ilikuwapo Marenga Mkali, nyika ya maji ya chumvi baina ya Mpwapwa na vijiji vya kwanza vya Wagogo. Baada yake zilikuja hongo, yaani ushuru wa njia uliodaiwa na watemi, kisha Mgunda Mkali, vichaka vinene vya upande wa Manyoni na Itigi ya leo. Wakapita kote huko. Tarehe 7 Novemba waliingia Kazeh, kwenye eneo la Tabora ya sasa, wakiwa hai wote wawili. Kiu haikuwashinda, homa haikuwashinda, wapagazi watoro hawakuwashinda. Kilichokuja kuwashinda walikuwa wametoka nacho kwao.

Aprili 1855 wawili hawa walivamiwa usiku kambini mwao Berbera, pwani ya Wasomali. Mwenzao mmoja aliuawa. Burton alichomwa mkuki ulioingia shavu hili ukatokea shavu lile. Speke alikamatwa, akafungwa mikono, akachomwa mara 11 kabla hajaponyoka. Katikati ya vurumai hiyo Speke alirudi hatua chache kuelekea hemani apate kuona vizuri, Burton akamkemea asirudi nyuma, maadui wasije wakadhani wanakimbia. Kwa Burton huenda lilikuwa neno la kamanda katika dakika ya hatari, akalisahau kabla hakujakucha. Speke alilisikia kama ameitwa mwoga. Mwaka uliofuata Burton alichapisha kitabu cha safari zake za huko, na shajara ya Speke akaiweka mwishoni kama nyongeza, tena ameifupisha na kuiandika upya kwa maneno yake. Speke hakusema kitu. Na Burton alipomwita tena, safari hii kwenda kuyatafuta maziwa makuu ya bara, alikubali.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilikuwa la wote wawili. Speke alikubali kuishi kwenye hema moja na mtu aliyemwekea kinyongo, tena kwa safari ya miaka, bila kumwambia. Burton naye alimchukua mtu aliyemwaga damu chini ya uongozi wake, asimuulize hata mara moja kama moyoni kumebaki kitu. Watu wazima, wasomi, mashujaa kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyejaribu kulisafisha lile jambo kabla ya kufunga mizigo.

Si kwamba njia yote ilikuwa chungu. Ugogo yenyewe iliwapa nafuu. Hewa ni kavu, usiku una baridi, na maziwa, asali na samli vilipatikana kwa kubadilishana na nguo na shanga. Speke alichukua bunduki akaenda kuwinda. Burton alikaa na kalamu yake akiandika kila alichoambiwa kuhusu watu, mila na bei za vitu. Jioni kambini walikuwa na vitabu vichache, Shakespeare akiwamo, wakavisoma pamoja wakavirudia. Mtu aliyewaona wakisomeana pale angeapa kwamba hao ni ndugu.

Lakini safari iliyokuwa ya mmoja siyo iliyokuwa ya mwingine. Burton alikuwa amekwisha kwenda Makka mwaka 1853 akijifanya haji, Kiarabu chake kilikuwa cha kuzungumza na mashehe usiku kucha, na kila aliposimama alitaka kujifunza lugha ya hapo. Speke hakujua Kiarabu. Alizungumza Kihindustani cha kubahatisha, na mtu aliyeelewana naye vizuri zaidi msafarani alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Walipofika kwa mtemi Magomba wa Kanyenye, au kwa yule wa Khokho aliyejulikana kama Maguru Mafupi, msafara ulisimamishwa siku kadhaa mpaka wapatane kuhusu hongo. (Watemi hao wameandikwa vibaya mno vitabuni, lakini Ugogo wakati wa kiangazi maji ni ya visima vya kuchimba kwa mikono, na mwenye kisima ana haki ya kudai.) Kwa Burton kusubiri huko, pamoja na kero zake zote, kulikuwa na mavuno: maneno mapya, habari mpya. Kwa Speke kulikuwa ni kuhesabu siku.

Kazeh tofauti hiyo ikawa wazi. Waarabu wa pale, Snay bin Amir akiwa wa mbele, walimpokea Burton kama mwenzao, wakampa nyumba na mazungumzo asiyoyachoka. Kwenye baraza hilo Speke alikuwa akitazama midomo ya watu ikicheza. Sidhani kama Burton aliwahi kugeuka kumtafsiria.

Tarehe 13 Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika. Burton, ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi, alijawa na furaha kubwa. Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, na mahali mwenzake alipoona maji na milima yeye aliona ukungu. Miezi michache baadaye mambo yakageuka. Waliporudi Kazeh, Speke alitaka kwenda kaskazini kulitafuta ziwa jingine lililotajwa na Waarabu. Burton akabaki, mgonjwa na mwenye hamu ya kupanga maandishi yake. Speke aliondoka Julai na kikosi kidogo, Mubarak akiwa naye, na tarehe 3 Agosti 1858 akasimama karibu na Mwanza akiyatazama maji ya Nyanza, aliyoyaita kwa jina la malkia wake, Victoria. Aliamua papo hapo kwamba hicho ndicho chanzo cha Nile. Kwa hiyo kila mmoja alipata ziwa lake, na mwenzake hakuweza kulifurahia pamoja naye.

Alirudi Kazeh tarehe 25 Agosti na habari hiyo, akaitoa wakati wa kula asubuhi. Burton akataka ushahidi, naye hakuwa nao wa kutosha. Kwa vipimo vya elimu Burton alikuwa na haki kabisa, maana mtu ameona kipande cha ufuko wa kusini halafu anatangaza habari za ncha ya kaskazini asiyoifikia. Kwa vipimo vya safari alifanya jambo baya. Mwenzako anarudi baada ya wiki saba za jua na vumbi, ameiona furaha kubwa kuliko zote za maisha yake, na jambo la kwanza unalompa ni hoja. Wakabishana siku chache, mpaka pakawa na makubaliano ya kimyakimya: habari ya Nyanza isitajwe tena.

Makubaliano hayo ndiyo yaliyovuka Ugogo. Waliondoka Kazeh mwishoni mwa Septemba 1858 na kufika pwani Februari 1859. Miezi minne na zaidi, wakila pamoja na kusafiri njia moja, lile lililokuwa kubwa kuliko yote vichwani mwao likiwa halitajwi. Na mficha maradhi, kilio humuumbua. Oktoba, wakiwa bado Unyamwezi, Speke alishikwa na vichomi vibaya, maumivu ya mbavu na homa iliyomfanya apige kelele kama anayeraruliwa na wanyama. Katika kuweweseka kwake yakamtoka yote: neno la Berbera, shajara iliyogeuzwa nyongeza, dharau alizohisi tangu wakati huo. Burton alikaa kando yake akimuuguza usiku na mchana, akiyasikia kwa mara ya kwanza. Speke akapona. Na hapo, ndugu msomaji, palikuwa na mlango wazi kabisa wa kusema, nimekusikia, tuzungumze. Hakuna aliyeuingia. Mgonjwa alibebwa kwa machela kuvuka nyika, na wakapita Ugogo kwa adabu kamili.

Njia hiyo leo tunaipita kwa siku moja. Desemba barabara ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma hujaa magari ya watu waliochangishana mafuta kwenda Singida, Shinyanga na Mwanza, na mimi nimewasikia mara nyingi kwenye vituo vya mafuta hapa Dodoma. "Kaka, si tulisema tunalala hapa?" "Nani alisema? Mimi mwenzio jioni hii nataka niwe Singida." Kumbe mmoja anakwenda msibani na anahesabu saa, mwingine yuko likizo na anataka kununua zabibu, kupiga picha, kula taratibu. Hakuna mbaya kati yao. Ila hawakuulizana kabla ya kutoka Mbezi hii ni safari ya nani, mwendo ni upi, faini ya tochi inalipwa na dereva au na wote. Wa nyuma anaona baridi, wa mbele hataki kiyoyozi kizimwe, basi dirisha linakuwa kesi. Kufika Manyoni wamenyamaza, na dereva, ambaye mara nyingi ni mdogo wao au kijana wa kukodi, ndiye anayeongeza sauti ya redio ili ukimya usisikike. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona undugu ukiishia kwenye safari za namna hiyo. Wakati wa kuulizana ni nyumbani, chai ikiwa mezani, na kama ulikosewa zamani na mtu huyo, ni siku hiyo ya kumwambia, au siku hiyo ya kuahirisha safari.

Wale wawili waliagana Aden. Speke alitangulia Uingereza kwa meli, na Burton alidai siku zote kwamba mwenzake aliahidi kumsubiri kabla ya kwenda kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia. Speke alitua Mei 1859, akaenda mara moja. Burton alipofika chini ya wiki mbili baadaye, alikuta sifa zimegawanywa na safari nyingine imekwisha kukabidhiwa Speke. Yaliyofuata yalikuwa ya magazetini na vitabuni, miaka mitano ya kuumizana. Tarehe 16 Septemba 1864 walitakiwa kukutana jukwaani mjini Bath wajadili suala la Nile. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, na baraza la uchunguzi likaamua ni ajali. Kuhusu Nyanza ndiye aliyekuwa na haki.

Ajabu ni kwamba Speke huyo huyo aliweza kusafiri vizuri na mtu mwingine. Mwaka 1860 alimchukua James Augustus Grant, rafiki waliyewinda pamoja India. Wakavuka Ugogo kwenye mvua na njaa, wapagazi wakitoroka. Julai 1862, zikiwa zimebaki siku chache wafike mahali Nile inapotoka ziwani, Speke alimtuma Grant mwenye mguu mbovu aelekee Bunyoro, akaenda peke yake. Sababu ya kinyongo ilikuwa kubwa kuliko ya shajara. Grant aliendelea na safari, na alimtetea Speke hadi mwisho wa maisha yake.

Waliobeba gharama ya ugomvi wa kwanza hawakuwa wakubwa peke yao. Safari ilipoisha mwaka 1859, Burton alikataa kumlipa Said bin Salim, kiongozi wa msafara, pamoja na walinzi Wabaluchi, bakshishi waliyosema waliahidiwa, akidai hawakufanya kazi yao vizuri. Balozi wa Waingereza Zanzibar akawatetea, Speke akawa upande wao, na suala la malipo ya watu waliotembea miezi 20 likageuka uwanja mwingine wa wawili hao kupigania. Mwaka 1860 Speke alipotafuta watu wa kurudi nao bara, Said bin Salim alikubali kuongoza tena msafara, na Mubarak akafunga tena mzigo wake. Burton hakuongoza tena msafara wowote kupita Ugogo.